Mtoto Aliyetazama Kamera

Wifi yangu Gaynor alionekana na watu wengi kuliko mtu mwingine yeyote wa Tipton, mji wetu wa viwanda huku Uingereza, na karibu wote hawakumjua jina. Alikuwa na miaka kumi. Amesimama kando ya mfereji wa mashua, chini ya daraja la matofali, kavaa koti la shule lililomzidi, anatazama maji. Pembeni yake, karibu zaidi na ukingo, yupo mdogo wake Kelvin, miaka saba, kofia ya baba yao imemwangukia hadi masikioni, mkononi kashika gurudumu la kigari cha mtoto. Yeye hatazami maji. Anakutazama wewe.

Picha hiyo ndiyo jalada la albamu ya kwanza ya Anvil Court. Watu wa umri wangu hawahitaji kuelezwa hao ni nani. Kwa wengine nitasema tu kwamba walikuwa wanaume wanne, kila mmoja tayari ana jina lake kubwa katika bendi nyingine iliyovunjika, wakaungana wakapiga roki nzito ya kutikisa madirisha. Walitoa albamu tatu, wakagombana, wakatawanyika. Ya kwanza hawakuipa jina, kwa hiyo watu wakaiita ile ya daraja. Ya pili jalada lake lilikuwa jekundu tupu. Ya tatu walijiweka sura zao wenyewe, na hata wanaowapenda watakwambia hiyo ni mbovu.

Mpiga picha alikuja vuli ya mwaka 1971, kwa gari dogo kutoka London. Alikuwa anatafuta mahali pachafu. Tipton wakati ule hakuhitaji kuhangaika: moshi wa viwanda vya kuyeyusha chuma, masizi ukutani, na maji ya mfereji yenye rangi ya chai iliyolala. Gaynor na Kelvin walikuwa wanarudi kutoka kwa bibi yao. Walikuwa wamekatazwa kupita njia ya mfereji, wakapita, kama watoto wote wa mtaa walivyopita. Yule bwana akawaomba wasimame chini ya daraja na wasimtazame yeye, watazame maji. Gaynor alitii. Kelvin hakutii, na mpiga picha akachoka kumwambia.

Walipomaliza aliwapa chokoleti kila mmoja. Kelvin akamwuliza kama London ni mbali, na kama ndani ya gari lile kuna nafasi.

"Leo hakuna," yule bwana akasema, huku anafunga mabegi yake. "Lakini nitarudi kukuchukua, mheshimiwa. Wewe nisubiri hapahapa."

Ulikuwa utani wa mtu mzima kwa mtoto, maneno ya kuagana tu. Gaynor alijua ni utani. Kelvin hakujua. Tangu siku hiyo akawa anatoroka kwenda darajani. Mama yao, Olive Foxall, alimchapa, akamficha viatu, akamwambia mzee wa gari hatarudi. Kelvin alijibu kwamba yule bwana alimwahidi.

Januari iliyofuata mfereji uliganda. Gaynor alikuwa kitandani na matubwitubwi, uso umevimba, na mama yake alikuwa jikoni anamchemshia supu. Kelvin alitoka kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyeona alivyoingia kwenye barafu. Mtu mmoja wa kiwanda cha jirani aliona kofia juu ya barafu na tundu kando yake, akapiga kelele, wanaume wakaja na ngazi na kamba. Baba yake, Horace, aliitwa kutoka kazini tanuruni akiwa bado na aproni ya ngozi. Alifika wakati wanamlaza Kelvin juu ya makoti.

Albamu ikatoka majira ya machipuko, mtoto ameshazikwa miezi kadhaa.

Hakuna aliyewaonya. Mpiga picha hakuwahi kuwauliza majina, na hao wanne wa bendi sidhani kama walijua Tipton iko wapi. Olive na Gaynor walikuwa wanatoka sokoni Dudley, wakapita mbele ya duka la santuri, na dirisha zima lilikuwa limejaa Kelvin. Safu juu ya safu, wote wanatazama nje. Gaynor aliniambia mama yake hakulia. Aliweka kikapu chini, akakaa juu ya lami na koti lake zuri, watu wakawa wanamzunguka kama wanavyozunguka dimbwi. Mwenye duka akatoka kuuliza kama bibi anaumwa. Alipoelezwa, akaziondoa zote dirishani kwa mikono yake. Lakini hilo lilikuwa duka moja. Ile albamu iliuzwa nchi nzima, na kijana wa nyumba ya mkabala aliibandika ukutani, ikawa Olive hawezi kufunua pazia la chumbani kwake.

Horace alinunua yake kimya kimya. Nyumbani hawakuwa na chombo cha kupigia santuri, na yeye nyimbo zile hakuzitaka. Alitaka jalada. Kelvin alikuwa na picha moja tu ya shule, isiyo na rangi, kapigwa akiwa amefumba jicho moja. Hii ilikuwa ya rangi, kubwa kama sinia, na mtoto anakutazama usoni. Horace aliiweka kwenye kabati lake la kazini, na wenzake walikuwa wanamwona akila mkate wake mbele ya mlango ulio wazi. Waliokuwa na maneno waliyameza.

Kiwanda kilipofungwa, mwaka 1981, ilibidi airudishe nyumbani. Aliileta chini ya koti. Olive aliiona kabla hajavua viatu. Gaynor alikuwapo, keshakuwa msichana mkubwa, na alinisimulia mara moja tu.

"Horace," mama yake alisema, "yule mtoto nilimzika. Usiniletee tena mlangoni."

Horace hakubishana. Alikwenda nayo kwenye kibanda cha uani, akaiweka nyuma ya makopo ya rangi, na huko ndiko alikokuwa anakwenda kukaa jioni. Hivyo ndivyo walivyoishi, mmoja jikoni na mwingine kibandani, mpaka Olive alipofariki.

Mimi nilimjua Gaynor kwa sababu ya kaka yangu Terry. Terry alikuwa anafanya kazi kiwanda cha kufuli Willenhall, kijana mpole, na ugonjwa wake ulikuwa Anvil Court. Alikuwa nazo zote tatu. Ile ya daraja aliitundika juu ya kitanda tangu akiwa na miaka kumi na sita. Alipoanza urafiki na Gaynor, siku ya kwanza kumleta nyumbani kwetu, mama alimtuma amwonyeshe chumba chake huku chai inachemka. Walishuka upesi. Gaynor alikunywa chai yake, akamsifia mama keki, akaaga vizuri. Terry alimsindikiza hadi kituoni na aliporudi alipanda juu, nikamsikia anatoa vitu ukutani. Asubuhi alizibeba albamu zote tatu, akampa mwenzake wa kazini, na hakuwahi kuzigusa tena. Nilimwuliza kulikoni.

"Yule msichana wa darajani," akaniambia. "Nimelala chini yake miaka yote hiyo. Ndiye yeye."

Walioana, na walikaa vizuri. Watoto hawakupata, na sijui kama walitaka. Gaynor alipika katika jiko la shule ya msingi maisha yake yote ya kazi. Watoto walimpenda kwa sababu hakuwa bahili wa mchuzi, ila aliogopwa kwa jambo moja: mtoto akikimbia karibu na mlango wa barabarani, angetoka jikoni na mwiko mkononi, uso umemgeuka, na mtoto angerudi mwenyewe bila kuitwa. Redio ya jikoni aliizima kila ilipoanza gitaa zito. Kwa hiyo ile albamu hakuwahi kuisikia. Au alikwishaisikia mara mia dukani na kwenye baa bila kujua, maana nyimbo zake hakuzijua.

Horace alipokaribia miaka themanini, akili ilianza kumtoka. Aliacha gesi wazi, akatoka barabarani na soksi, mwishowe ikabidi apelekwe kwenye nyumba ya wazee. Gaynor alipokwenda kusafisha kibanda, aliikuta albamu nyuma ya makopo. Unyevu ulikuwa umeila. Daraja lilionekana, yeye mwenyewe alionekana kidogo, lakini kona ya chini, upande wa maji, ilikuwa ukungu mtupu, na alipoifuta kwa kidole karatasi ilitoka kama ngozi ya maziwa. Kelvin akaondoka nayo.

Alikaa na jambo hilo moyoni siku kadhaa. Kisha akasikia kwamba kampuni inatoa upya albamu zote tatu, kwa ukubwa ule ule wa zamani, kuadhimisha miaka arobaini ya bendi. Akaniomba nifuatane naye Birmingham kuinunua. Alitaka kuitundika katika chumba cha baba yake. Tulikwenda, akaichukua, na hakungoja hata tufike nje. Aliichana plastiki akiwa kwenye foleni.

Lilikuwa daraja lile lile, zuri, limeng'aa. Msichana alikuwapo na koti lake, anatazama maji. Mahali pa Kelvin palikuwa na ukuta na nyasi kidogo. Nilidhani labda yuko nyuma ya jalada. Tuligeuza. Tulifungua ndani. Hayupo.

Gaynor alipiga simu kwenye kampuni kesho yake, akiwa nyumbani kwangu, kwa sababu hakutaka Terry asikie. Binti aliyepokea alikuwa na adabu sana.

"Samahani mama, mtoto yupi? Mimi hapa namwona msichana."

"Kulikuwa na mvulana."

Akaomba asubiriwe. Alirudi na sauti ya kuridhika, kama mtu aliyepata alichotafuta. "Ni kweli, mama. Picha ilisafishwa. Mchoraji aliona yule mvulana anavunja utulivu, maana anatazama kamera. Lakini nyimbo zote zipo, na tumeongeza mbili ambazo hazijawahi kutoka."

"Ahsante, mwanangu," Gaynor akasema, akaweka simu chini. Hakumwambia yeye ni nani. Nilipomwuliza kwa nini, alisema yule binti wakati ule hata hakuwa amezaliwa.

Nilimwambia tutafute ya zamani. Alikataa. Nadhani alichoka, au aliona kama Kelvin amekufa mara ya pili, na safari hii mbele yake.

Mwezi wa kumi tulikuwa tunatoka kumwona Horace, mimi na yeye, mchana, jua jembamba. Gari langu lilikuwa limeharibika, na Gaynor akasema tupite njia ya mfereji. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Darajani tulikuta wanaume wawili wa umri wetu, wamevaa jaketi za ngozi ambazo hazifungi tena, wanabishana nani asimame wapi. Mmoja alikuwa ameleta albamu ya zamani, jalada limefungwa ndani ya plastiki, anailinganisha na ukuta.

"Simama vizuri, Bloor," mwenzake alikuwa anamwambia. "Tumbo lako limefunika daraja zima."

"Na wewe ndiye msichana? Huyo msichana alikuwa na nywele, ndugu yangu."

Walipotuona walicheka kwa haya, kisha huyo Bloor akatuomba kama mmoja wetu anaweza kuwapiga picha. Walisema wametoka Stoke, wameipenda albamu hii tangu shule, na hawajawahi kufika. Gaynor akanyoosha mkono akachukua kamera. Nilitaka kumshika kiwiko, nikaacha.

Mwenzake Bloor alisimama mahali pa msichana, akainamisha kichwa. Bloor akavuta kofia hadi masikioni, akatoa macho, akakunja uso kama kizuka. Baadaye tulijua kwa nini. Wapenzi wa bendi hiyo walikuwa wamebishana miaka yote kuhusu yule mtoto, wengine wakidai hakuwapo siku ya picha, katokea tu filamu iliposafishwa. Walimpa jina. Walimwita Mzuka.

Gaynor alitazama kwenye kamera muda mrefu.

"Sogea kushoto," akasema. "Alikuwa karibu zaidi na maji. Na hakukunja uso. Alikuwa anangoja chokoleti."

Bloor alicheka kidogo, kisha hakucheka. Alimtazama Gaynor, akatazama jalada mkononi mwa mwenzake, akamtazama tena. Kofia ikatoka kichwani.

"Wewe ndiye," akasema.

"Mimi ndiye. Na huyo uliyesimama mahali pake ni Kelvin Foxall, mdogo wangu. Alizama hapo, Januari ile, kabla hamjainunua."

Alionyesha kwa kidole. Hapakuwa mbali na miguu ya Bloor. Yule mtu aliondoka pale ukingoni kwa hatua za kurudi nyuma, kama mtu aliyekanyaga kaburi gizani. Mwenzake alianza kusema pole, pole sana mama, hatukujua, na hakujua aishie wapi. Gaynor aliwaambia wasijali, kwamba kweli wasingeweza kujua. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Hizo nyimbo zikoje?"

Walidhani hawakusikia vizuri. Akawaeleza kwamba hajawahi kuzisikiliza. Gari lao lilikuwa kwenye uwanja wa baa, juu ya ngazi. Tulipanda wote wanne. Bloor alifungua milango, akaweka kaseti ya albamu ile, upande wa kwanza, kwa sauti ya chini kwanza, halafu Gaynor akamwambia aweke kama wanavyoweka wenyewe. Akaongeza. Gitaa likaingia, ngoma zikaingia, madirisha ya baa yakaanza kutetemeka, mhudumu akatoka kuangalia akarudi ndani. Gaynor alisimama na mkoba wake mbele kwa mikono miwili, kama mtu aliye ibadani kwenye dini isiyo yake. Hakukaa ingawa walimpisha kiti. Alisikiliza upande wote.

Ulipokwisha tulisikia magari ya barabarani tena.

"Inasema nini?" akauliza.

Bloor alijikuna shingo. "Ni habari za barabarani, mama. Na mwanamke mmoja aliyemwacha mwimbaji. Ule wa mwisho sijui, nadhani ni habari za vita."

"Nilidhani itakuwa inamhusu," Gaynor akasema. "Miaka yote nilidhani, kwa vile wamemweka pale."

Bloor aliingia garini, akatoka na jalada lenye plastiki, akatoa santuri ndani yake na kulibakiza tupu. Alisema hiyo santuri yeye anaihitaji lakini sura ni ya kwetu. Gaynor akalipokea.

Kelvin alitundikwa katika chumba cha baba yake Jumapili ile, mbele ya kitanda, mahali ambapo mzee angemwona akiamka. Terry alipigilia msumari. Kofia yenyewe, gurudumu, macho yale, kila kitu kilikuwapo. Horace aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, akageuzwa. Siku hizo alikuwa ananiita mimi Olive na Terry alimwita fundi.

Alitazama muda mrefu. Gaynor alichuchumaa kando yake, akamwambia yule msichana ni yeye. Horace hakumjali.

"Huyo mwenye kofia," akasema. "Mwambie atoke hapo. Ataingia majini."

"Ndiyo, baba. Nitamwambia."

"Mwambie sasa."

Gaynor alitutazama sisi, kisha akaugeukia ukuta. "Kelvin," akasema, kwa sauti ya mtu anayeita mtoto mtaani, "toka hapo. Njoo huku nyumbani."

Mzee alisubiri. Sote tulisubiri, nakuapia, hata Terry na nyundo yake.

"Hatoki," Horace akasema.

Ikawa hivyo kila siku. Aliwaita wauguzi, akawasihi, akajaribu kuinuka kitandani akaanguka na kuumia nyonga. Hakujua ni mwanawe. Alijua tu kwamba kuna mtoto wa mtu amesimama vibaya na watu wazima wanapita na trei za chakula bila kumwondoa. Wauguzi wakamwomba Gaynor aitoe ile picha, na akaitoa. Alipoishusha, baba yake aliuliza yule mtoto kaenda wapi. Gaynor akamwambia amekwenda nyumbani kula. Horace akasema vizuri, akafumba macho.

Alifariki Februari. Tulimzika na mkewe na mtoto, kaburi moja, siku ya mvua. Wale wawili wa Stoke walisimama nyuma kabisa karibu na lango, bila jaketi zao za ngozi, wakaondoka kabla hatujawafikia kuwashukuru.

Kampuni haikubadilisha kitu. Albamu bado inauzwa na msichana peke yake, na vijana wanaoifahamu sasa hawajui kwamba palikuwa na mwingine. Wanakuja darajani mmoja mmoja, wanasimama wanatazama maji, wanajipiga picha. Gaynor amestaafu. Kwenda madukani njia ya mfereji ndiyo fupi, lakini yeye huzunguka kwa barabara kuu, na mifuko yake mizito. Nikimkuta humpokea mmoja, tunakwenda pamoja hadi mlangoni kwake, tukizungumza bei za nyama.